Nani kawaambia ufuta unataka pori jipya?

"Bwana shamba, ufuta unataka pori jipya." Nimeisikia Nachingwea, nimeisikia Liwale, na wiki iliyopita nikaisikia tena chini ya mwembe, kwa mzee ambaye shamba lake la kwanza lilikuwa nyuma ya nyumba na la sasa hulifikia kwa pikipiki. Nikamuuliza: mzee wangu, lile la nyuma lilikosa nini? "Limechoka."

Twende tukalione, nikasema. Magugu kiunoni! Ardhi inayootesha nyasi namna ile imechoka vipi?

Ukifyeka msitu wa miombo ukachoma, majivu yanakupa msimu mmoja au miwili mizuri, na magugu bado ni machache. Baadaye yanaingia. Ufuta mchanga nao ni mvivu, mwezi wa kwanza unajivuta tu, nyasi zinaupita. Sikatai, rutuba pia hushuka. Ila wengi wanaobeba shoka kusogea mbele wanakimbia palizi.

Sasa sikilizeni, maana hili nalirudia kila mkutano. Msimwage mbegu kama mnalisha kuku. Tandaza kamba, mstari hadi mstari sm 50, mche hadi mche sm 10, mmoja mmoja. Hapo jembe linapita. Palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, msingoje nyasi ziwe ndefu. Msimu unaofuata weka kunde au mbaazi. Najua mtaniambia mbaazi ilitutia hasara 2017, India ilipobana mlango wa kuingiza mbaazi kwao. Kweli, iliuma. Lakini bei ikianguka, naitrojeni iliyowekwa na mizizi inabaki shambani kwako, na mabua unapikia.

Mbegu bora zipo tangu zamani, Ziada 94 na Lindi 2002 za kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele hapo Mtwara. Bado mtu anapanda alizofagia ghalani.

Na maneno mengine ninayoyasikia juu ya misitu: "Msitu wa hifadhi ya kijiji ni wa serikali." Ni wenu! Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kuutunza na kuuvuna kwa mpango. Kilwa walipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009, wakauza mpingo wao, fedha ikaingia kijijini.

"Miti ya mkaa inajiotea." Kisiki huchipua, ndiyo, kama moto haukiunguzi kila kiangazi. Nani kati yenu anazuia moto?

"Tutajirike kwanza, miti baadaye." Kila ekari mpya mnayofyeka Liwale inawasogeza kwa tembo. Waulizeni wanaolala shambani wakigonga madebe usiku kucha wamebakiza gunia ngapi.

Yule mzee nilimwachia kamba, vifundo nimefunga mwenyewe. Januari nitapita kuona kama iko shambani au imefungia mbuzi.