Jedwali ni nini hasa?

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alikuja darasani kwetu Sinza akiwa na karatasi mbili mkononi na machozi karibu. Dada yake anaolewa, na kamati ya harusi imempa kazi ya kuchapa orodha ya michango: jina, ahadi, alicholipa, baki. Aliichapa kwenye kompyuta ya kaka yake, akibonyeza kitufe cha nafasi mpaka kila tarakimu ikae chini ya neno lake. Kwenye kioo ilipendeza. Akaiweka kwenye fleshi, akaenda kuiprinti steshenari moja pale Mwenge. Kompyuta ya dukani haikuwa na aina ile ya herufi, ikaweka nyingine, na kwa kuwa herufi za aina moja hazilingani upana na za aina nyingine, kila kitu kikahama. Shangazi aliyeahidi 100,000 na hajatoa hata senti akasomeka amekwisha lipa zote, maana tarakimu yake iliteleza mpaka chini ya "Alicholipa". Karatasi ikasomwa hivyohivyo kikaoni.

Alichokitengeneza kilifanana na jedwali, ila hakikuwa jedwali.

Jedwali ni mpangilio ambamo kila taarifa ina anwani mbili kwa wakati mmoja: safu mlalo yake na safu wima yake. Mlalo unasema habari hii ni ya nani, wima unasema ni habari gani kumhusu. Zinapokutana panaitwa seli. Ni kama kumwambia mtu mkutane Kariakoo, Msimbazi na Uhuru: mtaa mmoja peke yake haumfikishi, makutano ndiyo yanayomfikisha. Programu ya kuchapa maandishi, iwe Microsoft Word au LibreOffice Writer, inazihifadhi anwani hizo. Badilisha herufi, ongeza ukubwa, peleka faili kwenye kompyuta nyingine: mia moja elfu ya shangazi itabaki kwenye seli yake. Jina likiwa refu, seli inarefuka kwenda chini na mlalo mzima unarefuka nayo.

Basi ile mistari myeusi ni nguo tu. Wanafunzi wakishatengeneza jedwali la kwanza, huwa nawaambia waiondoe mistari yote. Wanashtuka, kisha wanaona kila kitu kimesimama palepale. Tangu hapo hawachori tena mistari juu ya maandishi yaliyosukumwa kwa nafasi.

Mimi huanza na daftari na rula kabla hatujawasha kompyuta, kwa sababu kazi ngumu iko kwenye kuamua safu wima, na kompyuta haiwezi kukuamulia. Jiulize baadaye utataka kujua nini. Ukitaka kujua nani bado anadaiwa, usiandike "kaahidi 50,000 katoa 20,000" ndani ya seli moja. Hayo ni mambo mawili, yape safu mbili. Seli moja, jambo moja. Ndiyo maana siwafundishi mapema kuunganisha seli. Wanapenda mno kufanya hivyo, na jedwali lililounganishwa ovyo linasumbua pale unapotaka kuongeza safu au kupanga majina kwa alfabeti.

Kwenye kompyuta, unachagua idadi ya safu kwenye menyu ya kuingiza, kisha unasogea kwa kitufe cha Tab. Ukiwa kwenye seli ya mwisho kabisa, Tab inazaa mlalo mpya, kwa hiyo usihangaike kukadiria wachangiaji watakuwa wangapi.

Muonekano nao una sababu zake. Majina yaanzie kushoto, lakini fedha zisukumwe kulia, ili mamoja yakae chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu. Ukiziweka katikati, 5,000 na 50,000 zinakaribia kufanana kwa mtu anayesoma haraka. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na ukitoa pambizo za sentimita 2.54 kila upande unabaki na pungufu kidogo ya 16. Ukiweka safu ya namba ya mtu kwenye orodha (1, 2, 3), ipewe kidogo, ya jina ipewe nyingi. Orodha ikivuka ukurasa, usinakili vichwa vya safu kwa mkono. Teua mlalo wa kwanza, uiambie programu ujirudie kila ukurasa. Ukinakili mwenyewe, siku utakayoongeza mchangiaji mmoja kichwa kile kinashuka katikati ya majina ya watu.

Kuhusu jumla, wengi hukokotoa kwa simu halafu wakaandika. Word inaweza kujumlisha: chini ya safu unaingiza fomula =SUM(ABOVE). Ina masharti, na nayasisitiza kwa sababu ni hesabu za fedha za watu. Ambaye hajalipa aandikiwe 0, asiachiwe seli tupu, maana utupu unaweza kuharibu jumla. Kichwa cha safu kisiwe mwaka peke yake, kama 2025, kwa kuwa nao unaweza kuhesabiwa kama mchango. Na mtu akilipa baadaye, jumla haibadiliki yenyewe. Iteue, ubonyeze F9. Kwa hesabu zinazobadilika kila siku, tumia programu ya lahajedwali, kama Excel, ambayo hukokotoa upya yenyewe.

Yule binti alirudia kazi yake jioni ileile, safu nne, milalo arobaini na kitu. Kwenye mlalo wa shangazi sasa inasomeka: ahadi 100,000, alicholipa 0, baki 100,000.