Probayotiki kwa mtoto anayeharisha: kwa nini siandiki tena kwa kila mtoto

Swali naloulizwa sana siku hizi na mzazi mwenye mtoto anayeharisha ni hili: dokta, mbona hujaandika probayotiki, vile vijidudu hai vya kusaidia tumbo? Wengine wanakuja nazo kabisa kwenye mkoba, wameshanunua, wanataka tu niseme sawa waendelee. Nawaelewa, manake miaka ya nyuma mi mwenyewe nilikuwa naandika, karibu kila mtoto wa kuharisha aliyepita mbele yangu aliondoka na ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), zinki na vipakiti vya probayotiki. Sasa hivi siandiki kwa kila mtoto. Sijazichukia, ila kuna mambo yamebadilika na mzazi anayetoa hela yake ana haki ya kuyajua.

Kwanza tuelewane tunaongelea kuharisha kupi. Kinyesi cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, kimeanza ghafla na hakijafika siku 14. Kikifika siku 14 hiyo ni habari nyingine na inataka uchunguzi wake. (Kichanga anayenyonya tu anaweza kutoa choo laini mara nyingi kwa siku na akawa mzima kabisa, hapo tunaangalia kama choo kimebadilika kuliko kawaida yake.) Kwa watoto wadogo mara nyingi chanzo ni virusi, rota na noro ndo wazee wa kazi, na virusi hawa mwili unawamaliza wenyewe ndani ya siku chache. Kinachoua mtoto ni maji na chumvi anazopoteza wakati tunasubiri wamalizike.

Sasa probayotiki inaingilia wapi? Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, walikaa wakaipa maana, kwamba ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida anayevitumia. Shika hayo maneno mawili, hai na kiasi cha kutosha, tutayarudia. Wazo lenyewe ni kwamba vijidudu hivi vinagombania nafasi na chakula utumboni na wale wabaya, vingine vinatoa asidi ambayo wabaya hawaipendi, na vinaamsha kinga iliyoko kwenye ukuta wa utumbo. Na si wazo la juzi. Miaka ya 1920 Mfaransa Henri Boulard alikuwa Indochina (Vietnam ya leo na jirani zake) wakati wa kipindupindu, akaona watu wanatumia maganda ya matunda ya lichi na mangostini kutuliza tumbo, akatoa humo aina ya hamira ambayo leo inaitwa Saccharomyces boulardii. Ndiyo, ni ndugu kabisa wa hamira ya mkate! Sio bakteria, na hilo lina maana kwenye matumizi, maana antibayotiki haiiui wakati bakteria wazuri inaweza kuwaua, ila dawa ya fangasi inaiua.

Kwa nini tulikuwa tunaandika sana? Mwaka 2010 Cochrane, hawa ni watu wanaokusanya majaribio yote ya tiba fulani na kuyapima kwa pamoja, walitoa mapitio ya majaribio 63 yenye washiriki 8,014, wengi wao watoto, na jibu likawa tamu: probayotiki inapunguza muda wa kuharisha kwa kama saa 25. Siku nzima bana, kwa mzazi ambaye hajalala usiku mbili siku moja sio kitu kidogo. Basi tukaandika.

Halafu 2018 yakatoka majaribio mawili makubwa kwa mpigo. La Marekani lilikuwa na watoto 971 wa miezi 3 hadi miaka 4, nusu wakapewa Lactobacillus rhamnosus GG mara mbili kwa siku kwa siku 5, nusu wakapewa unga unaofanana nayo ila hauna kitu, na si wazazi wala madaktari waliojua nani kapewa nini. Kuharisha kukachukua saa 49.7 upande wa probayotiki na saa 50.9 upande wa unga mtupu, yaani saa moja na dakika chache, ambayo kitakwimu ni sawa na hakuna. La Canada lilitumia mchanganyiko wa bakteria wengine kwa watoto 886, jibu lilelile. Nakumbuka nilisoma haya nikakaa kimya kidogo, kwa sababu ile GG ndo niliyokuwa naiamini kuliko zote.

Mwaka 2020 Cochrane wakarudia hesabu, safari hii majaribio 82 na washiriki zaidi ya 12,000, na walipochuja wakabaki na yale yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa tu, faida ikayeyuka: yaelekea probayotiki haibadilishi sana idadi ya watoto wanaoendelea kuharisha zaidi ya saa 48. Sasa ile siku moja ya 2010 ilitoka wapi? Majaribio mengi ya zamani yalikuwa madogo, mengine hayakuficha vizuri nani kapewa nini, na kuna tatizo sugu kwamba jaribio dogo likitoa jibu zuri linachapishwa na likitoa jibu baya linalala kwenye droo.

Ndo maana leo hata wakubwa hawakubaliani. AGA, chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani, mwaka 2020 walishauri probayotiki zisitumike kwa watoto wenye kuharisha kwa maambukizi kule Marekani na Canada. ESPGHAN, chama cha wataalamu wa tumbo na lishe ya watoto cha Ulaya, inasema unaweza kuzifikiria, lakini inataja aina kwa jina: GG, S. boulardii, na Limosilactobacillus reuteri DSM 17938. Hayo majina marefu sio mbwembwe. Kusema "probayotiki inasaidia kuharisha" ni sawa na kusema vidonge vinashusha homa, vidonge gani? Herufi na namba zinazokuja mwishoni ndo zinakwambia ni mbegu ipi hasa iliyojaribiwa, na binamu yake wa jina karibu sawa anaweza asifanye lolote.

Kwa hiyo nafanyaje? Mtoto aliyekuwa mzima kabla ya kuumwa, mzazi anataka na hela anayo, ORS na zinki zimeshaanza, basi simkatazi, namwambia aanze mapema, aina yenye jina kamili, GG isipungue vijidudu bilioni 10 kwa siku, siku 5 hadi 7 basi. Asichanganye na maji ya moto wala uji unaofuka, atakuwa anampa mtoto maiti za bakteria. Ila kama hela inatosha kitu kimoja, ni ORS, hapo sina mjadala. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200, akitapika subiri dakika 10 uendelee kijiko kijiko taratibu. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6 miligramu 10. Na anyonye, na ale.

Pale antibayotiki yenyewe inapomharisha mtoto mambo ni tofauti, kwenye kuzuia hilo ushahidi wa probayotiki ni mzuri zaidi, msichanganye hizi mbili.

Wapo ambao siwapi hata wakiomba: mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati), mtoto mwenye kinga dhaifu, na mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kwao kijidudu "kizuri" kinaweza kuingia kwenye damu, na hii sio stori ya kutishana, mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu njiti wanaopewa probayotiki hospitalini baada ya mtoto kufariki.

Damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto analegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, hapo usifungue kipakiti chochote cha probayotiki, nenda hospitali.

Siku hizi mzazi akinitolea kopo lake nalipokea, naligeuza nyuma nasoma. Mara nyingi nakuta limeandikwa Lactobacillus tu, namba hakuna, mbegu haijulikani. Namrudishia, halafu namuuliza mtoto amekunywa nini tangu asubuhi, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi.