Picha ya fuvu haiamui meno yang'olewe

Mzazi wa hapa Mombasa akitoka kliniki ya kunyoosha meno na eksirei ya fuvu la mwanawe, utamsikia: "Picha imeonyesha lazima meno manne yatoke." Picha haijaamua kitu.

Hupigwa kwa ubavu, kichwa kimeshikiliwa na vijiti viwili vya masikioni kisitikisike. Njia hii ilielezwa mwaka 1931 na madaktari wa meno wawili, Broadbent kule Marekani na Hofrath wa Ujerumani. Daktari hutia nukta kwenye mifupa, akachora mistari, akapima pembe. Moja, iitwayo ANB kwa nukta zake A, N na B, huonyesha taya la juu limetangulia la chini kiasi gani. Wastani unaotajwa vitabuni ni nyuzi 2 hivi.

Wastani wa nani, lakini? Vipimo vingi vya kawaida vilitokana na Wamarekani weupe. Mtoto wa Likoni mwenye midomo iliyojaa na meno ya mbele yaliyoelekea nje kidogo, sawasawa na babake na nyanyake, akilinganishwa navyo huonekana ana kasoro. Huenda hana. Hata pembe yenyewe hudanganya: nukta N, pale paji la uso linapokutana na mfupa wa pua, ikiwa imekaa nyuma kidogo, ANB hupanda ilhali mataya yako palepale.

Ndiyo maana daktari hodari huanza na uso, meno yanavyokutana akiuma, nafasi iliyopo na ukuaji uliobaki, tena humuuliza mtoto mwenyewe kinachomkera. Watoto wengine picha hiyo hawaihitaji kabisa. Ukiambiwa meno yang'olewe, uliza sababu nyingine mbali na namba.