Kinyonga wa Mlima Kenya hapikwi: dhana potofu kuhusu joto la kizimba

Wiki hii tu nimeletewa vinyonga watatu wa pembe tatu, wote rangi imepauka, midomo wazi, macho yamezama, na nikiuliza joto la kizimba likoje napewa lile jibu ambalo nimelisikia mpaka basi: si ametoka Afrika, nimemwekea joto la kutosha. Mmoja aliletwa na jamaa wa Mombasa ambaye ameishi huku Marekani miaka mingi, akaniambia na huruma yake yote, "Daktari, huyu ni Mwafrika mwenzetu, baridi ya huku si itamuua?" Nikamuuliza kama ashawahi kulala Meru mwezi wa saba bila blanketi. Akacheka.

Sasa tuelewane. Huyu kinyonga wa pembe tatu anayeuzwa huku, yaani kinyonga wa Jackson, wengi wao ni wa ile aina ya miteremko ya Mlima Kenya, mita 1,600 hadi 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye ukungu na mvua na asubuhi za kuvaa sweta. Mwaka 1972 wakapelekwa Hawaii, wakaachiliwa, wakazaana, na hata huko hawakukimbilia ufuoni, walishika sehemu zenye miti na unyevu. Hajawahi kuwa mnyama wa jangwa. Lakini mtu akisikia Afrika anawaza Turkana mchana, anawasha balbu ya wati 100, anafunga kila kitu ndani ya tanki la kioo alafu anashangaa mbona kinyonga hali.

Mchana hewa ya kizimba ikiwa kati ya nyuzi 20 na 25 yeye yuko sawa kabisa (nasema Selsiasi, nyinyi wa Farenhaiti hio ni kama 68 hadi 77). Pale kwenye tawi la kuotea joto mpe 27, ikipanda sana 29, na hapo anaota kidogo asubuhi alafu anaondoka, hakai siku nzima kama kuku wa kuchoma. Chini kabisa kuwe na ubaridi na majani ya kujificha. Hio tofauti kati ya juu na chini ndio inamsaidia, manake reptilia hana joto lake mwenyewe la ndani kama wewe, anajipima kwa kutembea, akihisi baridi anapanda, akihisi joto anashuka, na ukimwekea nyuzi 32 kona zote umemnyang'anya mahali pa kukimbilia.

Na usiku ndio watu wananiudhi zaidi. Usiku ZIMA balbu. Usiku anataka joto lishuke, hata 13 mpaka 15 ni sawa kwa mkubwa mwenye afya, mwili unapoa na matumizi ya nguvu yanapungua. Ukimpa usiku wenye joto kama mchana mwili hauzimi, anaendelea kupoteza maji, na baada ya miezi unaletewa mnyama mkavu mwenye macho ndani, alafu mwenyewe anaapa kwamba maji huwa anampa. Nakubali unampa, lakini umemchemsha pia.

Soma rangi yake. Asubuhi akiwa mweusi amegeuza ubavu kwenye taa, anavuta joto, mwache. Akipauka na kufungua mdomo chini ya balbu ameshazidiwa, sio kwamba anakuchekea wala hana hasira. Mtoe hapo, mpeleke kwenye kivuli, mnyunyizie maji ya kawaida (sio ya barafu, jamani) na upige simu kwa daktari wa reptilia. Wachanga wanazidiwa haraka zaidi, mwili wenyewe ni mdogo, kwa hivyo na hao usijaribu bahati.

Ati "muuzaji alinipa karatasi ya maelekezo". Nimeziona hizo karatasi, nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kinyonga wa Yemen au yule wa Madagaska, ambao kweli wanavumilia joto kuliko huyu wetu. Kinyonga sio mmoja. Na mjusi mwenye ndevu wa Australia ndio kabisa, yeye anataka mahali pa kuotea pafike nyuzi 40, sasa ukichukua namba zake ukampa huyu wa milimani umemzika.

Themometa ya kubandika kwenye kioo, ile ya duara yenye mshale: tupa. Inapima kioo. Nunua ya dijitali yenye waya, ile ncha uifunge pale juu ya tawi ambapo mgongo wake unafika, manake joto linapanda na yeye ana pembe na kofia kichwani, sehemu yake ya juu iko karibu na balbu kuliko unavyodhani. Nimetibu wengi waliochomeka kichwani kwa kuning'inia kwenye wavu chini ya taa. Inua taa, usiilaze juu ya wavu. Na ile bunduki ya kupima watu kwenye paji la uso ya wakati wa Korona haifai hapa, imetengenezwa kwa joto la binadamu.

Balbu nyekundu ya usiku, "eti haioni". Anaiona. Giza ni giza, zima.

Jiwe la umeme la kupasha joto, sitaki hata kulizungumzia, kinyonga anakaa kwenye tawi, jiwe la nini? Kwa mijusi wa ardhini nimeona matumbo yameungua, inatosha.

Taa ya yuvibii (UVB, mionzi kama ile ya jua isiyoonekana) sio ya joto na ya joto sio ya yuvibii. Anahitaji zote mbili, na ile ya yuvibii ibadilishe baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, manake mwanga unabaki ila mionzi inaisha kimya kimya. Na isipite kwenye kioo, kioo kinaizuia.

Kwa wale mlioko nyumbani Kenya mnaonitumia meseji kwamba mmemuokota kwenye ua: mrudisheni uani. Kumfuga bila kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, na kusema kweli hakuna kizimba kitampa hali ya hewa nzuri kuliko huo ua wako.

Huku nako mwezi wa saba unakuja, na esi (viyoyozi) zitaharibika kama kila mwaka. Chupa mbili za maji yaliyoganda ziwekwe juu ya wavu, upande mmoja tu, feni ipulize chumba na sio yeye, na balbu ya joto izimwe siku hio yote. Msiningoje mpaka apauke.