Trekta kuukuu ya dizeli Dodoma: anza na hewa, kisha dizeli

Unapokagua Massey Ferguson 135 yenye Perkins ya silinda tatu, ile AD3.152, mwaka wa kutengenezwa uache kwanza. Fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye ea klina (kichujio cha hewa) kwenda kwenye manifoldi, ingiza kidole, pangusa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, injini hiyo imekuwa ikimeza mchanga: ringi na silinda zimelika, hata kama rangi bado inang'aa. Iwashe, kisha tazama bomba la kupumulia la injini. Likitoa moshi mfululizo, ingiza gharama ya ovahoo (kufungua injini na kuifanya upya) kwenye bei mnayopatana.

Shamba la Chamwino au Kongwa likilimwa Novemba kabla mvua hazijashika, trekta hutembea ndani ya wingu lake lenyewe. Ea klina ya zamani haina karatasi. Ina bakuli la oili na wavu. Msimu huo fungua bakuli kila siku ya kazi. Tope likijikusanya chini au oili ikiwa nzito, mwaga, osha bakuli kwa dizeli, jaza oili mpya ya injini mpaka kwenye alama, basi. Ikipungua, vumbi linapita. Ikizidi, injini inainyonya, na injini ya dizeli ikinyonya oili inaweza kupanda mzunguko yenyewe hata ukivuta kizimio. Petroli usiitumie kuoshea wavu.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye mipira na klipu zake, maana jua huipasua upande wa chini usioonekana. Kipimo chake ni rahisi: injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kipande cha ubao bapa, si kwa kiganja. Inapaswa kuzimika baada ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inapata hewa isiyochujwa. Kuzungushia mpira wa baiskeli hakutoshi. Nunua mpira mpya.

Dizeli ya madumu ndiyo muuaji wa pili. Pampu ya injekta, CAV DPA, hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, kwa hiyo maji na mchanga huila moja kwa moja. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina bila kulitikisa, na acha kidogo cha chini. Jaza tenki jioni baada ya kazi ili lisibaki na nafasi ya hewa inayotoa umande usiku. Filta ya dizeli badilisha mwanzoni mwa msimu pamoja na ringi zake za mpira. Ya zamani ikibaki imeganda kwenye kichwa cha filta, itavuja hewa na utalaumu pampu bure.

Baada ya kubadilisha, toa hewa kwa mpangilio. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kiwiko (mkono) cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kiwiko kikilegea bila kusukuma kitu, kemu ya injini inayoendesha pampu hiyo imesimama juu: zungusha injini kidogo, jaribu tena. Kisha legeza skrubu mbili za pampu ya injekta, ya ubavuni halafu ya juu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye injekta, piga stata mpaka dizeli itoke, kaza zote. Usiweke kiganja mbele ya paipu hizo. Mgandamizo wake unapenya ngozi.

Nafasi ya tapeti (kati ya roka na vali) kwenye injini hii ni milimita 0.30 ikiwa baridi. Oili ya injini inaingia karibu lita 7, lakini fuata stiki ya kupimia.

Kwenye rejeta, maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na yanaacha magamba. Tumia maji ya mvua pamoja na kulanti (dawa ya rejeta). Majani puliza kutoka upande wa feni kwenda nje. Na fundi akikushauri utoe thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) "ili isichemke", mkatalie: injini inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi dizeli vizuri, na iliyobaki huosha oili kwenye kuta za silinda. Inayochemka ina sababu nyingine, mara nyingi beliti iliyolegea au rejeta iliyoziba.