Tundu la moyo kugundulika ukubwani: maswali kutoka Pemba

Swali: Dada yangu ana miaka 38, anaishi Wete. Msimu wa karafuu alizidiwa shambani: moyo ulimwenda mbio, pumzi zikamkata. Hospitali wakasema ana tundu la moyo alilozaliwa nalo. Vipi lisijulikane muda wote huo, naye keshazaa watoto watatu?

Jibu: Pole sana, na alhamdulillahi mlimuwahisha. Tundu la aina hii mara nyingi huwa kwenye ukuta wa kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Damu iliyotoka mapafuni huvuja kuelekea upande wa kulia, ikarudishwa tena mapafuni. Mtoto hukua, huenda skuli, hupanda mikarafuu. Mlio wake kifuani ni mdogo, hata daktari anaweza asiusikie, na pumzi fupi ni rahisi kudhaniwa pumu. Lakini upande wa kulia hubeba damu ya ziada kila siku, hutanuka, na mtu akikaribia miaka 40 mapigo huanza kwenda ovyo. Ndipo anapozidiwa.

Swali: Wapo wanaosema kapigwa jicho.

Jibu: Moyo huumbika wiki za mwanzo za mimba, tundu lilikuwepo kabla hajazaliwa. Dua asomewe, na dawa ameze.

Swali: Sasa anajisikia mzima. Kuna haja ya kurudi?

Jibu: Ipo, na hapa ndipo penye khofu yangu kubwa. Dawa imetuliza mapigo, tundu liko pale pale. Anahitaji eko ya moyo, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ijulikane ukubwa wa tundu na presha ya mapafu. Ombeni rufaa mapema. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutibu kasoro hizi. Baadhi ya matundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila ya kupasua kifua. Mengine hutaka operesheni. Presha ya mapafu ikishapanda sana, kuliziba kunaweza kumdhuru, kwa hiyo msikae mkasubiri azidiwe tena.

Asibebe mimba nyengine kabla ya kuonana na daktari wa moyo: damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu. Na akizimia, midomo ikigeuka buluu au uso ukienda upande, mkimbizeni usiku huo huo. Damu iliyoganda inaweza kupita kwenye tundu ikafika kwenye ubongo.

Swali: Na watoto wake?

Jibu: Wengi huwa salama, ila uwezekano wao wa kuzaliwa na kasoro ya moyo ni mkubwa kuliko wa watoto wengine. Wapelekwe wakapimwe nao, akianza yule anayechoka haraka akicheza.