Nyanya mwitu si gugu la kung'oa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Tunda dogo kuliko cheri, la kijani hata likiiva, halina faida kwa mkulima.

Ukweli: Mwaka 1962 wataalamu wa mimea Hugh Iltis na Donald Ugent walikuwa milima ya Andes nchini Peru wakitafuta viazi mwitu. Wakakuta mmea wa jamii ya nyanya, majani yananata, vitunda vya kijani. Wangeweza kuupita. Walichukua mbegu, wakampelekea Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Rick aliuchavusha na nyanya ya shambani, akachagua kizazi baada ya kizazi kwa takriban miaka 10, hadi akapata nyanya nyekundu zenye sukari nyingi kuliko ile aliyoanza nayo. Kwa viwanda vya nyanya ya kopo hizo ni fedha, kwa sababu nyanya isiyo na maji mengi haimalizi kuni wala umeme kuchemshwa hadi iwe nzito. Mmea ule sayansi ilikuwa haijaupa hata jina. Ulipewa mwaka 1976, na leo unaitwa Solanum chmielewskii. Utamu uliokuwa ndani yake haukuonekana kwa macho, na ndiyo maana inaniuma pori likifyekwa kabla ya kuchunguzwa.

Dhana: Basi hizo ni GMO, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba maabara.

Ukweli: Hapana. Rick alitumia chavua na subira.

Dhana: Hayo ni ya Peru na Marekani, huku kwetu hayatuhusu.

Ukweli: Tazama pakiti ya mbegu dukani. Herufi N, mara nyingi ndani ya VFN (V na F ni za magonjwa ya mnyauko), humaanisha aina hiyo inastahimili minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi. Kinga hiyo, kinasaba (chembe ya urithi) kiitwacho Mi, ilitoka kwa nyanya mwitu nyingine, Solanum peruvianum. Haizai kirahisi na nyanya yetu: kiinitete, yaani mche mchanga, hufa ndani ya mbegu. Mwaka 1944 mtafiti P. G. Smith wa California alikitoa kingali kichanga, akakikuza maabara.

Dhana: Ukipanda yenye N, umemalizana na minyoo.

Ukweli: Udongo ukizidi nyuzi joto 28 hivi, kinga ya Mi hulegea. Mkulima wa maeneo ya joto aendelee kubadilisha mazao shambani na kutandaza matandazo ili udongo usichemke.